Shavu Likivimba Ni Uchafu Unatoka

4 Februari

Mdogo wangu Mashavu,

Ningeanza na zile salamu za mimi mzima hofu ni kwako, lakini hofu yenyewe imenijaa hadi kooni, kwa hiyo tuziache. Tangu uliponiandikia kwamba ufizi unatoka damu na gego la nyuma linacheza, sijasuka kichwa cha mtu kikanyooka. Jana mteja mmoja alijitazama kwenye kioo akaniuliza kama mistari yake imelewa. Nilimfumua nikaanza upya.

Ndani ya kifurushi hiki, kwenye soksi, kuna kichupa cha rangi ya kahawia. Ni mafuta ya mti wa chai. Si chai ya kunywa, ni mti mwingine kabisa, usije ukatia sukari. Hapa saluni nayatumia kwa wateja wenye mba, na kwa vipele vya kisogoni baada ya kunyoa, na mama wa duka la vitambaa ukucha wake uliokuwa umeoza sasa anauvalia viatu vya wazi. Aliyeniuzia anasema hata mdomoni yanafaa. Yanaua vijidudu, yanaondoa harufu, yanatuliza ufizi. Weka matone mawili kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Usimeze, ni sumu yakiingia tumboni. Narudia kwa sababu nakujua ulivyo mvivu wa kutoka nje: usimeze.

Kuhusu daktari wa meno, msimamo wangu ni ule ule. Mama aliingia kwenye kile chumba akitembea, akatoka amebebwa. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa kwenye benchi unachezea viatu vyake. Mimi ndiye niliyeshika kitambaa chenye damu. Nimekulea peke yangu tangu siku hiyo, na sikukulea ili mtu akutie koleo mdomoni. Tena tarumbeta inataka mdomo mzima. Usipopuliza vizuri hao wa bendi ya kambi hawakuajiri, na usipoajiriwa utarudi kukaa kwenye stuli yangu unafukuza nzi.

Dada yako

17 Februari

Fundi,

Barua hii isome ukiwa umekaa, kisha iweke mbali na saluni ya dada. Najua kila siku unapita pale ukijifanya unatafuta vibanio vya nywele vya kushikia mabomba ya tarumbeta wakati wa kulehemu. Karakana yako sasa ina vibanio vingi kuliko ala za muziki. Siku moja utamwambia tu unachotafuta, naye atakufukuza, nasi sote tutapumua.

Jino limetoka. Nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi wa afya na makuruta wenzangu, nikafungua mdomo, daktari wa meno wa kambi akasema, "Wewe kaa hapo." Kabla sijajitetea sindano ya ganzi ilishaingia. Ni gego la mwisho kabisa, upande wa kushoto, kwa hiyo kupuliza hakujaharibika. Alisema usaha ulikuwa umejikusanya kwenye mzizi, na kama ningechelewa, habari zangu ungeletewa na mtu mwingine. Akasafisha ufizi wote, akanipa vidonge. Nilimwonyesha kichupa cha dada. Alikinusa akasema, "Haya si mabaya. Yanasafisha juu juu. Lakini usaha uko chini, mafuta hayafiki huko hata ukisukutua pipa zima."

Basi nikabaki na kichupa. Buti walizotupa zinabana na hazikauki, na katikati ya vidole vya miguu palikuwa pamechubuka vibaya, pananuka hadi mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa analala na shuka usoni. Nikachanganya matone machache na mafuta ya kawaida, nikapaka. Fundi, fangasi wametoka wenyewe bila kuaga. Sasa chumba kizima kinapanga foleni kwangu na miguu mikononi. Mpiga ngoma kubwa ananiita Daktari wa Nyayo.

Kwa hiyo dada hakukosea kununua. Ila siwezi kumwambia kuhusu koleo. Unajua akisikia neno hilo anavyokuwa, anashika tama siku nzima na hali chakula. Nitamwambia mafuta yamefanya kazi. Na yamefanya kweli, sitataja tu ni wapi. Nawe funga mdomo.

Mashavu

20 Februari

Kwa dada yangu,

Barua yako ya pili nimeipata. Najua mama jirani amekusimulia kwamba siku ya wageni, alipokuja kumwona mwanawe, aliniona shavu limeumuka kama mkate. Mama yule akiona moshi anakuambia mji umeteketea. Tulia.

Ni mafuta yako hayo. Nilisukutua ulivyoniagiza, na siku za mwanzo shavu likavimba na jino likawaka moto. Hata mimi niliogopa. Lakini ni uchafu unatoka. Mafuta yanauvuta kutoka ndani, ndiyo maana panavimba kwanza. Ukivumilia bila kuacha, linashuka lenyewe. Langu limeshuka. Damu imekoma, harufu imekwisha, na jana nimepuliza wimbo wa gwaride mwanzo hadi mwisho na Mkuu wa Bendi hakukunja uso, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kupiga makofi. Huku simu zetu bado zimefungiwa kwenye kabati la afande mpaka tuhitimu, barua nazo zinagawiwa Jumamosi tu, kwa hiyo nikichelewa kujibu usianze kuniandalia matanga.

Hakuna koleo lililonigusa. Nimekusikiliza.

Mdogo wako, Mashavu

9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeichomeka kwenye fremu ya kioo kikubwa. Kila anayekaa kusukwa namsomea pale penye uchafu kutoka. Wawili wameniagiza kichupa. Nimefurahi mpaka nikamsuka mama jirani bure, na umbea wake wote.

Sasa na mimi nikwambie, maana ningekuambia mapema ungepoteza pumzi ya kupulizia. Meno ya ukoo wetu ni yale yale. Gego langu la chini limekuwa likinisumbua tangu kabla hujaondoka. Nilikuwa nakunywa vidonge vya maumivu, naficha. Ulipoandika kwamba umepona, nikaanza na mimi. Nilikuwa nasukutua tu, lakini naona langu ni sugu zaidi, kwa hiyo sasa natia pamba ndani ya mafuta yenyewe bila maji na kuibana kwenye jino. Yanaunguza hasa. Ngozi ya ndani ya shavu imebanduka kidogo.

Na juzi shavu limeanza kuvimba. Nilikaa kwenye kioo nikacheka peke yangu. Nikasema haya, Mashavu si wewe tu, leo tuko wawili. Nilivyoogopa hapo kwanza, kama si barua yako ningekuwa nimeshakimbilia hospitali kama mwendawazimu. Nimevumilia kama ulivyosema. Kumeza ndiyo shida kidogo, nakunywa supu na maziwa. Ni ya kupita.

Fundi anakuja kila siku kuniuliza shavu linaendeleaje. Mwambie rafiki yako anaziba mlango wateja hawapiti.

Dada yako

12 Machi

Mashavu,

Sina muda wa utani. Dada yako ni mgonjwa, na wewe ndiye unayemzuia asiende hospitali.

Shavu lilianza kidogo, sasa limeshuka hadi chini ya kidevu, pagumu kama ubao. Mdomo haufunguki, kidole hakipiti. Anakunywa kwa mrija. Anasuka huku anatetemeka kwa homa, ameshaweka viti viwili pembeni ili apumzike katikati ya kichwa na kichwa. Leo nilimwambia twende, teksi iko nje, akanionyesha karatasi yako kwenye kioo. Kwa kidole, maana kusema kunamuuma. Akakigonga pale ulipoandika linashuka lenyewe.

Nilikaribia kumwambia kila kitu palepale. Ulinifunga mdomo, na mimi mjinga nikakuheshimu. Nakupa nafasi ya kumwambia mwenyewe kwa sababu kwako atasikia, kwangu hasikii. Lakini Jumamosi yenu iko mbali, na mimi sitakaa mikono mitupu. Ikizidi nasema.

Fundi

19 Machi

Dada,

Barua yako na ya Fundi nimepewa pamoja leo, mistarini, mbele ya watu. Nimezisoma nimesimama.

Acha mafuta sasa hivi. Nenda hospitali leo hii unapoisoma, usingoje kumaliza kichwa cha mteja. Nilikudanganya. Mafuta hayakuponya jino langu. Jino langu limeng'olewa na daktari wa meno wa kambi, kwa koleo, na nikatembea kwa miguu yangu mwenyewe kurudi kitandani. Shavu lile lilivimba kwa sababu ya kung'olewa. Hakuna uchafu uliokuwa unatoka. Yale maneno niliyatunga nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya kufulia, ili mama jirani asikutie wasiwasi. Mafuta yako nilipaka miguuni. Yamenitibu fangasi. Ndiyo kazi pekee yaliyonifanyia.

Daktari alisema usaha ukikaa kwenye mzizi unatambaa. Wako unatambaa, dada. Ukishuka shingoni unabana koo. Nakuomba kwa jina la mama, najua ninachokitaja. Mwache Fundi akubebe.

Nitukane baadaye. Nenda kwanza.

Mashavu

20 Machi

Kwa Mkuu wa Bendi,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA DHARURA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kuruta, mpiga tarumbeta, safu ya pili. Naomba ruhusa ya siku chache kwenda nyumbani kumpeleka dada yangu hospitali. Anaugua jino, na hali yake ni ya hatari. Dada huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, sina mzazi mwingine. Nafahamu kwamba gwaride la kuhitimu limekaribia, na kwamba asiyekuwepo kwenye gwaride haajiriwi. Naahidi kurudi kabla yake.

Natanguliza shukrani,
Mpiga tarumbeta

21 Machi

Kwa mpiga tarumbeta, safu ya pili,

Ombi lako limesomwa. Ruhusa katika kipindi hiki hutolewa kwa msiba wa mzazi, mke au mtoto. Maumivu ya jino ya ndugu hayamo. Endelea na mazoezi. Kwenye ubeti wa tatu unachelewa kuingia, jirekebishe.

Mkuu wa Bendi

23 Machi

Mashavu,

Barua yako imefika na haikusaidia kitu. Nilimpelekea mwenyewe mkononi. Aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, kisha akaniangalia vile anavyomwangalia mteja anayetaka kusukwa kwa mkopo. Akachukua kalamu, maana sasa anaandika badala ya kusema, akaandika, "Hii umemwandikisha wewe."

Nikamwambia ni mwandiko wako. Akaandika kwamba nimekuandikia kukutisha, na wewe kwa woga umeandika chochote ili aende. Nikamsimulia yote, koleo, foleni, vidole vya miguu. Akaandika, "Mdogo wangu hajawahi kunidanganya." Akaiweka barua mpya chini ya chanuo, ile ya Februari ikabaki kwenye kioo.

Nilijaribu kumshika mkono kwa nguvu. Akanipiga na brashi. Mtu anayekaribia kuzimia, Mashavu, na bado ana nguvu ya kunipiga. Mama jirani naye amejaribu, akafungiwa mlango.

Nimepiga simu kambini kwenu, nimezungushwa kutoka mtu hadi mtu. Wa mwisho aliniuliza kama kuna msiba. Nilisema bado. Akasema kukiwa na msiba nipige tena.

Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nilimpenda huyu mwanamke kimya kimya miaka yote hii kwa sababu ana kichwa kigumu, na sasa kichwa hicho hicho kinamuua mbele yangu. Nimelehemu mabomba yaliyokanyagwa na magari yakalia tena. Yeye sijui nimshike wapi. Fanya kitu.

Fundi

24 Machi

Mashavu

Naandika nimelala. Fundi anakaa nje ya mlango hataki kuondoka nasikia anapiga chafya. Leo sijasuka.

Nimeisoma tena ile barua. Ukiandika kwa woga mwandiko wako unalala upande wa kulia ule umelala kulia. Lakini ya Februari pia imelala kulia. Sikuwa nimeona.

Sijui niamini ipi. Wewe uje useme kwa mdomo wako. Hapana usije. Gwaride.

Shingo inakaza. Mama nilimwona jana amekaa kwenye kiti cha wateja najua ni homa. Nikiingia kwenye kile chumba sitoki Mashavu najua hivyo. Hapa angalau naijua dari.

Kama ulinidanganya sema

Dada

26 Machi

Kwa Mkuu wa Bendi,

Barua mbili za nyumbani nimezipata leo mchana. Naondoka bila ruhusa. Tarumbeta nimeiacha juu ya kitanda, nimeifuta na vali nimezitia mafuta. Sare nimezikunja. Sikuiba kitu na hakuna mwenzangu aliyenisaidia, mlinzi wa lango asiadhibiwe, nimepita upande wa jikoni.

Ubeti wa tatu mpe yule wa kulia kwangu. Anaujua.

Mpiga tarumbeta

29 Machi, wadi ya wanawake

Mashavu,

Muuguzi amenipa karatasi na kalamu. Na hili bomba walilonitia kooni waliponipasua, hata kukohoa sisikiki, sembuse kukufokea. Kwa hiyo utafokewa kwa maandishi, kaa vizuri kwenye hicho kiti.

Umeacha kambi. Nimekaa miaka yote nasuka vichwa vya watu usimame siku moja kwenye gwaride, na umepita upande wa jikoni kama mwizi wa sufuria. Nina hasira nawe mpaka mashine hii ya pembeni inalia. Muuguzi ameshaniambia nitulie.

Nakumbuka ulivyoingia saluni. Ulikuja ukasimama kati yangu na kioo, ukafungua mdomo, ukavuta shavu kwa kidole. Nikaona pengo. Niliangalia lile pengo muda mrefu. Kwanza nilifikiri, kumbe mtu anang'olewa na anarudi. Kisha nikafikiri, kumbe ananidanganya na bado analala usingizi. Hapo nikamwandikia Fundi alete teksi. Sikuja kwa sababu niliamini daktari. Nilikuja kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumwamini, basi ikawa yote sawa.

Imeniuma hiyo, kuliko jino. Sitakuficha. Ungeniambia siku ile ile, "Dada, wamening'oa na niko hai," ningelia, ningekutukana, halafu na mimi ningekwenda. Woga wangu ulikuwa unangoja mtu mmoja tu aingie atoke. Ulikuwa ni wewe, na ukanificha.

Lakini pia ni mimi niliyekufundisha. Nilikuwa nakwambia mama amesafiri. Mwaka mzima nilikuwa nakwambia hivyo.

Sasa nisikilize. Asubuhi daktari alikuita nje ya pazia. Mlikaa sana. Uliporudi ulikuwa unatabasamu, na Fundi akatoka hakurudi, nimemwona kupitia dirisha ameegemea ukuta. Kwa hiyo usiniambie kwa mdomo. Uso wako unajua kazi hiyo kuliko kalamu yako. Chukua karatasi hii, geuza upande wa pili, uandike. Amesema nini? Nitapona? Usiniandikie maneno mazuri, nimeyashiba.

Dada yako

29 Machi, kwenye kiti

Dada,

Amesema usaha umepita shingoni, umeanza kushuka kifuani. Dawa zinapigana nao lakini usaha ulitangulia mno. Kesho asubuhi wanakufungua tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Amesema ni upasuaji mkubwa na moyo wako umechoka kwa homa. Amenitaka nitie sahihi, nikamwambia wewe ni mtu mzima na una mikono, atakuletea mwenyewe usome kila mstari.

Nilimwuliza hilo hilo uliloniuliza. Akasema ungeletwa shavu lilipoanza tu kuvimba, angenijibu bila kufikiri.

Naogopa sana. Nilitabasamu kwa sababu sikujua usoni niweke nini.

Umetaka ukweli. Sijui, dada.

Mashavu